Mwenendo wa Mtu Mzima Anayeongoza Vijana

Wasomaji wetu wengi ni watu wa jembe, na baadhi yao wamekwisha kuombwa na shule ya jirani waje wawafundishe watoto kazi. Mmoja anajua kuotesha miche ya minazi, wa pili anajua kufuga kuku, wa tatu ni fundi wa mizinga ya nyuki. Hata katika Kisiwa cha Mombasa, ambako ardhi ni haba na nyumba za Mji wa Kale zimebanana ukuta kwa ukuta, kazi hiyo yaweza kufanyika. Gunia moja likijazwa udongo uliochanganywa na samadi, na katikati yake ikasimamishwa nguzo ya kokoto ya kupitishia maji, huweza kubeba miche 30 na zaidi ya mchicha au sukuma wiki. Ua wa shule ukiwa na magunia kumi, una shamba.

Habari za gunia na samadi tumezieleza mara nyingi katika gazeti hili. Leo twataka kueleza habari za yule mtu mzima anayesimama kando ya gunia pamoja na watoto wa wenzake. Mwenendo wake uwe wa namna gani? Lipi lafaa na lipi halifai? Jambo hili si dogo. Mchicha ukiharibika, hupandwa mwingine na baada ya majuma machache watu wakala. Mtoto akiumizwa, hapandwi mwingine.

Chama cha 4-K

Vyama vya 4-K vilianza Kenya mwaka 1962. Maana ya herufi hizo nne ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Mfano wake ulitoka Marekani, katika vyama vya 4-H, ambavyo chimbuko lake ni chama cha watoto wa wakulima kilichoanzishwa mwaka 1902 na A. B. Graham, msimamizi wa shule katika wilaya ya Clark, jimbo la Ohio. Shabaha ilikuwa mtoto ajifunze kwa kufanya. Apewe sehemu yake, apande, apalilie, aandike gharama na mapato, kisha aonyeshe watu alichovuna. Hapa Kenya vyama vingi vilikuja kulala, na mwaka 2021 serikali ikavizindua upya katika shule.

Sasa tazama tofauti ya kazi hii na kazi ya darasani. Darasani mwalimu husimama mbele ya watoto hamsini, na kila asemalo husikiwa na wote. Katika bustani, kiongozi huinama kando ya mtoto mmoja, humwonyesha namna ya kushika jembe, humtuma stoo, humwita Jumamosi aje kumwagilia maji. Ukaribu huo ndio unaomfanya mtoto aelewe kazi upesi. Lakini ukaribu huo huo, ukiwa hauna kanuni, huweza kuleta madhara.

Nguvu aliyo nayo kiongozi

Yafaa kila kiongozi ajue kwamba ana nguvu kubwa kuliko anavyodhani. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa stoo. Yeye ndiye anayegawa mbegu. Yeye ndiye anayechagua ni nani atakayekwenda kwenye maonyesho ya kilimo kule Mkomani. Neno lake moja la sifa mtoto hulilala nalo usiku kucha.

Kwa mtoto asiye na baba nyumbani, au ambaye wazazi wake hushinda bandarini au sokoni tangu alfajiri hadi magharibi, kiongozi huyo huweza kuwa mtu wa pekee anayemwuliza, "Mwanangu, leo umekula?" Mombasa twajua yaliyoko mtaani. Yako magenge yanayotafuta vijana, na wako wauza unga wanaowangoja kwenye maskani. Mtoto aliyepata mtu mzima mmoja wa kumwamini, na kazi ya mikono ya kujivunia, ana mahali pengine pa kwenda baada ya shule. Hiyo ndiyo faida ya chama.

Hatari yake ni hii. Mtu mwenye nia mbaya naye huitafuta nafasi hiyo hiyo. Haji akiwa na pembe kichwani. Huja na zawadi, hufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na wazazi wote humsifu. Humchagua mtoto mpweke, humtenga na wenzake kidogo kidogo, humfundisha kuficha mambo madogo, hata siku akimfichisha kubwa mtoto hana pa kuanzia kusema. Na wasomaji wasidhani kwamba hatari ni kwa wasichana peke yao. Wavulana nao hudhuriwa, na aghalabu hunyamaza zaidi kwa kuona haya.

Fundisho la baraza

Kanuni ya kuzuia jambo hili hatuhitaji kuitafuta mbali. Ukitoka Ngome ya Yesu ukashika Ndia Kuu kuelekea Bandari ya Kale, utaona mbele ya nyumba nyingi kuna viti vya mawe vilivyojengwa na ukuta. Hiyo ndiyo baraza. Wazee hukaa hapo jioni, hunywa kahawa, hupana habari, hukata maneno ya biashara. Mgeni asiye wa nyumba hupokewa hapo barazani. Hupewa kahawa na heshima yake, lakini siri ya nyumba hubaki ndani, na kila kinachofanyika nje wapitao njiani wanakiona. Hakuna mtu aliyepata kukasirika akasema, "Kwa nini mmeniweka barazani? Mwanishuku wizi?" Yeye mwenyewe anajua kuwa ndiyo adabu.

Basi kanuni kubwa ya kiongozi wa vijana ni hiyo moja: kazi ya mtu mzima na mtoto wa mwenzake ifanywe barazani. Maana yake, ifanywe mahali ambapo watu wengine wanaweza kuona wakati wowote. Ikiwa hapana baraza, uwe ua wenye lango wazi. Ikiwa ni chumba, mlango na madirisha yawe wazi. Kanuni nyingine zote zinazofuata hapa ni matawi ya mti huo mmoja.

Kanuni zenyewe

Kwanza, kiongozi ajulikane. Shule isimpokee mtu kwa sababu tu ni mkarimu. Ijue kwake, iulize pale alipofanya kazi zamani, na imtake alete cheti cha polisi cha tabia njema. Wazazi waitwe, waonyeshwe mtu huyo, waelezwe siku na saa za kazi, na kila mzazi atie sahihi kumruhusu mwanawe. Afisa wa kilimo, sheha wa madrasa, mwalimu mkuu wa zamani, wote wapite mlango huo mmoja. Cheo kisiwe ruhusa.

Pili, watu wazima wawe wawili. Mmoja asibaki peke yake na mtoto mmoja. Chama chenye wasichana kiwe na kiongozi mwanamke. Siku ambayo mwenzako ameugua, hamna kazi ya stoo wala ya nyuma ya majengo. Fanyeni kazi ya mbele ya ofisi au waagane watoto waende kwao. Na mtoto akitaka kusema nawe faragha, msikilize mahali mnapoonekana ingawa hamsikiwi, kama vile mwisho wa ua, au benchi lililo chini ya mti.

Tatu, mikono. Mtoto aonyeshwe kazi kwa macho. Chukua jembe lako, mpe lake, simama mbele yake, fanya naye afuatishe. Si lazima kumshika kiuno ili ajue kuinama. Hata hivyo, hatusemi kiongozi awe kama jiwe. Mtoto akijikata mguu, mfunge kitambaa mara moja mbele ya wenzake. Mtoto aliyefiwa akilia, mkono begani mbele ya watu ni utu.

Nne, zawadi na upendeleo. Usimpe mtoto mmoja fedha, simu, nguo wala nauli kwa siri. Kama kuna mtoto asiye na nauli, mwambie mwalimu mkuu au mzazi, na fedha zipitie kwao. Usimpakie mtoto mmoja peke yake katika gari au pikipiki yako. Ukitaka kusifu, sifu kazi: "Tazameni mche huu, umepandwa sawasawa." Usisifu sura ya mtoto wala umbo lake.

Tano, simu. Siku hizi mambo mengi hupitia mkononi. Habari za chama zitumwe katika kundi la WhatsApp ambalo wazazi na mwalimu mkuu wamo. Usimwandikie mtoto peke yake, na usiku usimwandikie kabisa. Picha za watoto zisipigwe wala zisitumwe bila idhini ya mzazi, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka idhini hiyo. Anayepiga picha apige magunia na watoto wakiwa kundi, wamevaa nguo zao za kazi, na picha zibaki katika mikono ya shule. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imetaja pia udhalimu wanaofanyiwa watoto katika mitandao, kwa hiyo asiseme mtu kwamba maneno ya simu ni mchezo.

Sita, adhabu. Fimbo ilikwisha kuondolewa katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza tena adhabu za mwili na mateso ya akili. Wako wanaosema, "Samaki mkunje angali mbichi." Kweli, lakini kukunja si kuvunja. Mtoto aliyevunja ndoo kwa uzembe na asaidie kuitengeneza. Aliyechelewa na amwagilie maji zamu yake baada ya wenzake, mbele ya macho ya watu. Kumtukana, kumtaja kwa kabila lake, kumcheka kwa umaskini wa kwao au kilema chake, hayo ni mapigo yasiyoacha alama ya nje.

Saba, kazi na mavuno. Bustani ya chama ni ya kufundishia. Usiwapeleke watoto shambani kwako kupalilia ukasema ni mafunzo. Fedha ya mchicha uliouzwa iandikwe katika daftari ambalo watoto wenyewe wanaweza kulisoma, na wao waseme itumike vipi. Dawa za wadudu zisichanganywe wala zisinyunyizwe na watoto, na chupa zake zifungiwe. Panga na jembe zihesabiwe kabla ya kazi na baada yake. Saa za kazi zisile saa za masomo, wala za madrasa, wala za kucheza.

Nane, safari. Kutoka kisiwani kwenda Mkomani ni kuvuka daraja la Nyali tu, lakini safari ni safari. Majina yaandikwe, watoto wahesabiwe wakipanda na wakishuka, na wazazi waambiwe saa ya kurudi. Kama kuna kulala, wasichana walale mbali na wavulana, na watu wazima wasilale chumba kimoja na watoto. Mkipita ufukweni, asiingie mtu majini bila mtu mzima ajuaye kuogelea kusimama akiwaangalia.

"Mbona mwatushuku?"

Wako watu wema watakaosoma kanuni hizi wakaona uchungu. Mzee wa mtaa atasema, "Mimi nimelea watoto wangu saba na wajukuu. Leo naambiwa nisikae na mtoto peke yangu?"

Tumjibu kwa heshima. Ukienda Markiti kununua nyama, muuzaji wa haki hachukii mizani yake ikikaguliwa. Hufurahi, kwa kuwa ukaguzi ule ndio unaomtenga yeye na mwizi. Mnunuzi hawezi kuona ndani ya moyo wa muuzaji. Huona mizani tu. Vivyo hivyo mzazi hawezi kuona ndani ya moyo wako. Huona mlango uliofunguliwa au uliofungwa.

Tuseme mzee mmoja fundi, mtu mwadilifu, amejitolea kufundisha watoto ishirini. Jioni moja aingia stoo na mvulana mmoja wahesabu mbegu, na kwa sababu upepo wa kusi wavuma na kurusha mbegu, afunga mlango. Watoka baada ya nusu saa, na hakuna lililotendeka ila kuhesabu. Lakini jirani ameona mlango ulivyofungwa. Kesho yake maneno yamefika msikitini, sokoni na kisimani. Mama wa yule mvulana aja kwa adabu, asema, "Mzee, mimi nakuheshimu kama babangu, lakini mwanangu hatakuja tena." Fundi hana shahidi wa kumtetea. Mwisho wa juma wamebaki watoto wanne, na mwezi ukiisha magunia yamekauka. Watoto kumi na sita wamerudi maskani. Kwa nusu saa ya mlango uliofungwa, mtu mwema amepoteza jina lake na watoto wamepoteza chama chao. Lango wazi lingewaokoa wote.

Na yako makosa makubwa kuliko hilo, ya chama kuficha. Kule Marekani, chama cha skauti cha wavulana kilikuwa na jina kubwa kwa miaka mingi. Skauti hata sisi twawajua. Mwasisi wao Baden-Powell amezikwa Nyeri, alikofariki mwaka 1941. Chama kile cha Marekani kiliweka faili za siri za viongozi waliotuhumiwa kuwadhuru watoto. Mwaka 2012 faili zaidi ya 1,200 zilitolewa hadharani kwa amri ya mahakama ya jimbo la Oregon, na watu wakaona kwamba baadhi ya watuhumiwa waliondolewa kimya kimya bila polisi kuambiwa. Mwezi wa Februari 2020 chama kiliomba kinga ya kufilisika, na watu zaidi ya 82,000 wakajitokeza kudai kwamba walidhuriwa walipokuwa watoto. Viongozi walioficha walidhani wanalinda jina la chama. Wazee wetu walikwisha sema, mficha maradhi kilio humfichua.

Mtoto akikwambia

Huenda siku moja, mkiwa mnapalilia, mtoto akakwambia jambo zito. Huenda likawa la nyumbani, la mtaani, la madrasa, la shule, au la kiongozi mwenzako. Fanya hivi.

Msikilize bila kumkatiza. Usishtuke kwa sauti, usimgombeze, usimwulize, "Kwa nini ulikwenda?" Mwambie, "Umefanya vyema kuniambia. Kosa si lako." Usimwahidi kwamba utaficha. Sema kweli: "Lazima nimwambie mtu atakayeweza kutusaidia, na nitakueleza ni nani." Usimhoji sana, kwani si kazi yako kupeleleza. Mara tu akimaliza, andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe na saa.

Kisha toa habari siku hiyo hiyo. Mwambie mwalimu mkuu, na kama yeye ndiye anayetajwa, mpite. Nenda kwa afisa wa watoto au kituo cha polisi. Ipo pia simu ya watoto, nambari 116, ambayo hupigwa bure mchana na usiku, na mtoto mwenyewe aweza kuipiga. Kwa walimu, Waraka nambari 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Kuajiri Walimu wataka habari ya namna hii itolewe katika saa 24, na anayeificha naye huadhibiwa.

Ikiwa mtoto ameingiliwa, apelekwe hospitali kwanza, bila kuogeshwa na bila nguo zake kufuliwa. Nguo zitiwe katika mfuko wa karatasi zipelekwe pamoja naye. Hospitali Kuu ya Pwani, iliyoko hapa kisiwani, ina kitengo cha kuwatibu waliofanyiwa ukatili. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayopotea hupunguza nguvu yake. Kwa hiyo msikae kitako kushauriana hadi kesho kutwa.

Hapa twataka kusema wazi neno moja ambalo wengi hulionea haya. Zipo nyumba ambazo, jambo kama hili likitokea, wazee wa pande mbili hukutana, hutoa fedha au mbuzi, husoma fatiha, na kusema yamekwisha. Hayakwisha. Fedha imefika kwa baba, na mtoto ameachwa na maumivu yake, tena kila siku hukutana njiani na aliyemdhuru. Kwa sheria, makosa haya ni jinai, na kuamua kesi iendelee au isimame ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Si kazi ya kikao cha barazani. Baraza ni ya kufanya kazi ya haki mbele ya watu, na haikujengwa ili kuzika kosa.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 yasema kwamba mwalimu au mtu aliyekabidhiwa dhamana, akiitumia nafasi yake kumvuta mwanafunzi au aliye chini ya uangalizi wake katika uasherati, kifungo chake si chini ya miaka 10. Na mtoto, yaani kila aliye chini ya miaka 18, hata akisemwa kuwa aliridhia, kuridhia kwake si kinga. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yatangulie.

Wazazi nao

Kazi hii si ya kiongozi peke yake. Mzazi aliyetia sahihi na apite siku moja moja bila taarifa, aamkie, atazame magunia, aende zake. Akirudi mtoto nyumbani, mwulize amefanya nini na nani alikuwapo, kisha sikiliza jibu. Mfundishe mwanao kwamba heshima kwa mkubwa haina maana ya kumtii katika ubaya, na kwamba hakuna siri ya mtu mzima ambayo mtoto analazimika kumficha mamaye. Mtoto akianza ghafula kukikimbia chama alichokuwa akikipenda, au akileta nyumbani vitu ambavyo hukumnunulia, usimpige. Muulize taratibu.

Tena wazazi wawashukuru viongozi wema. Mtu anayeacha kazi yake Jumamosi asubuhi, akaja kuwaonyesha watoto wa mtaa namna ya kujaza gunia na kuhesabu mapato, anafanya kazi kubwa bila mshahara. Mpelekeeni maji ya kunywa. Mpelekeeni chai na mahamri. Mzazi anayepeleka chai huwa amefika, ameona, na kiongozi hayuko peke yake tena.

Yafuatayo yakatwe na kubandikwa katika mlango wa stoo ya chama:

1. Kazi yetu inafanywa mahali panapoonekana. Mlango haufungwi.
2. Watu wazima ni wawili au zaidi.
3. Jembe huonyeshwa kwa macho.
4. Hakuna zawadi ya siri wala ujumbe wa siri.
5. Hapana fimbo, hapana matusi.
6. Mavuno na fedha zimo katika daftari, na kila mtoto aweza kulisoma.
7. Safari ina majina, hesabu na saa ya kurudi.
8. Mtoto akisema, tunamsikiliza, tunaandika, tunatoa habari siku hiyo hiyo. Simu 116.

Karatasi hiyo ibandikwe chini, mahali ambapo macho ya mtoto yanafika, kwa maana yeye ndiye wa kwanza anayepaswa kujua kanuni hizi. Kiongozi aisome pamoja na watoto siku ya kwanza ya chama, aeleze kila neno, kisha afungue lango na kuanza kazi.